Dua ya Safari na Chupa ya Mafuta

Msafiri wetu hujaza mafuta ya nazi kwenye chupa ya maji hadi shingoni, akakaza kifuniko mpaka meno yauma, akailaza chupa sandukuni juu ya kanzu ya harusi. Alfajiri ya Julai mafuta yameganda, roho kwatu. Wala hajali kwamba huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, joto ambalo Dar huliita ubaridi. Ndege ikiwa angani shinikizo la hewa hupungua, kihewa kilichobaki chupani hutanuka na kuyasukuma mafuta nje. Angeacha nafasi, akaibinya chupa kidogo, akatandika kipande cha nailoni chini ya kifuniko. Lakini hayo ni ya wasio na imani. Yeye kasoma dua. Akifika na kukuta kanzu imelowa mafuta, wa kulaumiwa ni mpakia mizigo.