Asiye na Mtandao Akalalamike Wapi?

Kila alfajiri, kabla baridi ya Mlima Hanang haijaniruhusu kutoa mkono nje ya blanketi, simu yangu inanipa ushauri wa mapenzi. Juzi imeniambia nimnunulie mwenzangu ua. Katesh nzima ukizunguka kutafuta ua la kununua utaishia kuonyeshwa alizeti, na mke wangu akiletewa alizeti moja atauliza gunia lenyewe liko wapi. Ushauri huo sikuuomba. Lakini naulipia. Shilingi mia inakatwa kabla sijanawa uso, na kama salio halipo, wanasubiri niweke.

Nikasema hapana, nitalalamika. Huku kwetu kulalamika si jambo geni. Ng'ombe wakiingia kwenye ngano ya mtu, kesi inakaa chini ya mti: mwenye ng'ombe yupo, mwenye shamba yupo, mashahidi wapo, na wazee hawanyanyuki mpaka ijulikane nani analipa nini. Sasa huyu anayekula mia yangu kila siku nitamwitaje chini ya mti? Hana sura, hana ukoo, hana boma.

Nikaambiwa piga mia. Ndiyo namba ya huduma kwa wateja. Mia yangu imeliwa, na dawa yake ni kupiga mia.

Ukipiga, kwanza unaburudishwa na muziki. Kisha dada mwenye sauti ya asali anakukaribisha uchague lugha: Kiswahili bonyeza moja, Kiingereza bonyeza mbili. Shangazi yangu wa Bashay, ambaye Kiswahili chake kinatosha kabisa kuuza vitunguu saumu lakini hasira zake zote ziko kwenye Kiiraqw, hajawahi kuambiwa abonyeze ngapi. Baada ya hapo dada anakutajia mambo ya kununua: bando la siku, bando la wiki, bando la usiku, kukopa salio. Ukitaka kununua, hata kama umekosea kubonyeza, utauziwa. Ukitaka kuongea na mtu, wahudumu wote wanahudumia wateja wengine. Hao wateja wengine sijui ni akina nani, maana kila ninayemuuliza naye yuko kwenye foleni.

Na unasubiri umesimama. Milima yetu ni mizuri kwa picha, lakini ukiishi nyuma ya kilima au chini bondeni, mtandao una mahali pake pa kusimamia: juu ya jiwe fulani, au pembeni ya mti fulani, kichwa kimeinama upande wa mnara. Mhudumu akipokea, upepo unakusukuma hatua moja, simu inakatika, unaanza upya na muziki. Yaani ili ulalamike kwamba mtandao haupo, sharti mtandao uwepo.

Sisemi Serikali imelala. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote upo kwa sheria ya mwaka 2006, na Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 vijijini nchi nzima. Mnara ukija tunapiga makofi. Ila mnara unaleta mtandao tu, hauleti mtu wa kukusikiliza.

Turudi kwa shangazi. Aliuza vitunguu, akaenda kwa wakala kumtumia mwanawe hela ya shule. Wakala ana daftari lenye mistari iliyopigwa kwa rula, kalamu imefungwa kwa uzi kwenye dirisha la kibanda isije ikaondoka na mteja. Shangazi akaweka hela kwenye simu yake, akatia saini ile ya herufi moja ndefu, kisha akatuma mwenyewe. Tarakimu moja ikateleza. Jina likatokea la mtu asiyejulikana ukoo mzima, na kidole kilikuwa kimeshathibitisha.

Wakala akamwambia, "Mama, usiondoke, tupige mia haraka. Kama huyo mtu hajatoa, wanaweza kuizuia." Wakapiga. Muziki. Wateja wengine. Mhudumu alipopatikana, hela ilikuwa imeshatolewa zamani. Nami nilipofika nikauliza swali la kisomi:

"Shangazi, meseji ya muamala umeitunza?"

"Nimeifuta, mwanangu. Simu ilijaa."

Nikachukua kile kiswaswadu chake nikiangalie. Ni kweli kilikuwa kimejaa. Kilijaa bahati nasibu, miito ya nyimbo, bando la nusu bei na, aibu yangu, ushauri wa mapenzi. Ushahidi pekee aliokuwa nao duniani ameufuta ili kuwapisha "ndugu mteja, usipitwe na ofa".

Siku ya mnada ndipo nilipoona maajabu yenyewe. Unaujua mwavuli ule wa rangi kali, vijana wenye fulana zinazofanana, spika inayotikisa mpaka mbuzi wa mnadani? Pale laini inasajiliwa kabla chai haijapoa. Unataja namba ya NIDA, unaweka kidole kwenye kimashine, umemaliza. Na alama za vidole ni lazima. Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Kwa hiyo wananijua mpaka mikunjo ya kidole. Nikainama chini ya mwavuli.

"Kijana, hapa mnapokea malalamiko?"

"Shikamoo mzee. Hapana, sisi ni mauzo."

"Na malalamiko yanapokelewa wapi?"

"Piga mia, mzee."

Basi nikaanza kuulizia milango mingine, na lazima niseme ukweli: milango ipo. Ipo mingi. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ipo kwa sheria ya mwaka 2003, na sheria hiyohiyo ilizaa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kutusemea mimi na wewe. Utaratibu ni kwamba unaanza kwa mtoa huduma mwenyewe. Akikuzungusha, unapeleka lalamiko TCRA. Usiporidhika na uamuzi, unakata rufaa Baraza la Ushindani. Lalamiko langu la shilingi mia likifika huko mwisho litakuwa limesoma kuliko mimi.

Kama tatizo ni hela ya kwenye simu, kuna Benki Kuu, maana ndiyo inayosimamia mifumo ya malipo. Kama ni taarifa zako zimesambazwa, kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotokana na sheria ya mwaka 2022. Hiyo nilitamani kuijua mapema. Shemeji yangu alikopa kwenye programu ya simu, ile mikopo ya kausha damu. Alipochelewa kulipa, meseji zikamwagika kwa kila aliyeko kwenye simu yake: mchungaji, fundi cherehani, mwalimu wa mtoto. Mimi nilitangaziwa kuwa ni mdhamini. Mdhamini! Mkopo wenyewe nilikuwa sijausikia. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Shemeji akaisoma orodha kwa furaha, akidhani asiye na leseni halipwi.

Shida ya milango hii ni umbali. Ofisi ya TCRA ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Tawi la Benki Kuu la kanda yetu nalo liko Arusha. Kutoka Katesh ni zaidi ya kilomita 200 kupitia Babati. Nauli, chakula na gesti vingenilipia ushauri wa mapenzi mpaka mwakani. Utasema wanapokea pia kwa simu na barua pepe. Sawa. Kamwambie hivyo shangazi wa Bashay, umwambie na aambatishe picha ya kioo cha kiswaswadu.

Mlango mmoja tu naupa maksi zake, nao ni 15040, namba ya kuripoti matapeli. Ukipata ile meseji ya "hela yenyewe itume kwenye namba hii", unaisambaza kwenda 15040, wanakujibu wakitaka namba iliyoituma, unaituma, basi. Haihitaji intaneti wala picha, na kiswaswadu kinaweza. Jirani yangu alikuwa hajui. Yeye kazi yake ilikuwa kuwajibu matapeli kwa adabu: "Hela ipi, ya ng'ombe au ya ngano?" Wakampenda. Wakawa wanampigia mpaka Jumapili.

Kumbe basi inawezekana. Lalamiko linaweza kuwa rahisi kama mtu akiamua liwe rahisi. Aliyeweza kunifuata mnadani na mwavuli, spika na kimashine cha vidole, hawezi kuniambia kwamba meza ya malalamiko ni mzigo mzito. Naomba meza moja tu Katesh, moja Dongobesh, siku ya mnada. Iwe na kijana mmoja anayesikia Kiiraqw na mmoja anayesikia Kidatoga, na daftari la risiti mbilimbili: nakala moja kwake, moja kwangu, ina namba ya lalamiko na tarehe ya majibu. TCRA na lile Baraza la Ushauri wakilifanya hilo kuwa sharti, hakuna kampuni itakayofilisika kwa bei ya meza.

Wakati tunasubiri, ndugu zangu wa Mbulu na Hanang, tushike machache. Simu ikijaa, futa ofa, usifute meseji ya muamala. Ukiweza, iandike kwenye daftari la mtoto. Kabla hujathibitisha, soma jina kwa sauti, wakala asikie. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, usije ukawa na ukoo usioujua. Na ukimpata mhudumu, kabla hamjaagana mdai namba ya lalamiko na uiandike, kwa sababu huko mbele watakuuliza ulianza wapi.

Usiache kulalamika, hata kama ni kwa shilingi mia. Asiyelalamika haandikwi popote, na mwisho wa mwaka ripoti itasomwa kwamba Mbulu na Hanang wateja wote wameridhika.