Waja leo, waondoka 1892

Juzi mpwa wangu, anayejifunza Kijerumani huko Dar, alinitembelea hapa Chumbageni, Tanga, na kikopo cha plastiki. Ndani mlikuwa na ua la zambarau, majani yake yana malaika kama sikio la paka.

"Shikamoo mjomba. Hili linaitwa Usambaraveilchen."

"Marahaba. Hebu lirudie, limenipita kama treni isiyo na kituo."

Hawa Wajerumani bwana! Sisi tukiwa na maneno mawili tunayapatanisha kwa "la" au "cha", kila moja linapumua. Wao wanayashindilia pamoja kama abiria wa daladala. Mbele wameweka Usambara. Katikati ni Veil, lililotokana na viola, jina la ua kwa Kilatini. Mkiani ni -chen, kiambishi cha udogo, kama ki- yetu ya kitoto. Na hiyo Usambara ni mali yetu: U- yake ni ndugu wa U- ya Uzigua, ingawa r wenyeji wake wamepachikiwa, maana wao ni Wasambaa.

Nikasema sawa, ni viola ya Usambara. Mpwa akacheka. Kumbe si viola hata kidogo. Ni ua la ukoo mwingine kabisa. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelikuta kwenye miamba ya chokaa karibu na Tanga hii hii, mwaka 1892, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea, Hermann Wendland, akalibatiza Saintpaulia. Kwa hiyo jina la wasomi likawa la bwana mkubwa, jina la mtaani likawa la ua jingine, na Wasambaa wakaambulia herufi nane za mbele, moja si yao.

Eti Veilchen likisimama peke yake, Wajerumani huliita hivyo pia jicho lililovilia kwa ngumi. Hapo nilielewa vizuri, maana ndipo aliponitajia bei. Sahani tatu za pilau, na nyama juu! Alikopa kwa jina langu.

Watu wa Tanga tunasema waja leo, waondoka leo. Hili liliondoka enzi za Mjerumani, limerudi juzi kwa basi la Dar, na nauli nimelipa mimi.

Mke wangu hataki kusikia hayo majina. Analiita "ua la mpwa wako", amelitoa juani, na limeshatoa vitumba viwili.