Hotuba ya Bingwa wa Ufikivu kuhusu Chumba Namba 3

Waheshimiwa, mabibi na mabwana, na wewe mama uliyekaa mbele na kitimwendo chako na futi ya fundi mkononi, karibuni.

Nimealikwa kuzungumza, na aliyenialika ni mimi. Ubingwa wangu haubishaniwi: niliwahi kusukumwa kwenye kitimwendo pale uwanja wa ndege kwa dakika 10 nzima, miguu mizima, foleni ndefu. Tangu siku hiyo nayajua yote.

Mada ni Chumba Namba 3 cha hoteli hii kongwe, hapa Mji Mkongwe, Unguja, chenye kibao kinachosema ni cha wageni wenye ulemavu. Wachache wa elimu huuliza: mgeni anaingiaje? Swali la kitoto. Mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na urithi, ndugu zangu, hauingiwi. Unatazamwa.

Tazameni kizingiti. Elimu ya rampu inadai kila sentimita 1 ya kimo ipewe sentimita 12 za urefu. Kidato chetu cha sentimita 30 kingetaka mita 3 na sentimita 60, na uchochoro wenyewe una mita 2. Mgeni angeteremkia barazani kwa jirani, katikati ya bao. Tumeweka ubao wa mita 1. Kupanda unasukumwa na vijana wawili. Kushuka hakuhitaji mtu.

Lifti? Lifti ni uzushi wa kigeni. (Mama ananikumbusha kwamba Beit el-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, lilisifika kwa lifti yake. Naomba nisikatizwe.)

Sasa chumba chenyewe. Wazee walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari wakailaza juu ya boriti za mikoko, na boriti ndizo zilizoamua upana wa chumba: kama mita 3, basi. Kitimwendo kinataka duara la sentimita 150 ili kigeuke. Toa kitanda, toa kabati, toa meza ya kioo, duara hilo hapo! Mgeni wetu wa mwisho alishindwa kugeuka, akawa anatoka kinyumenyume siku 4. Nilimliwaza kwamba mbele ya masultani ndivyo adabu ilivyotaka.

Kitanda ni samadari halisi, ya kuchonga, inayopandwa kwa kigoda. Mwenye hoteli, kwa huruma yake, ameongeza kigoda cha pili. Bafuni mna vyuma vya kujishikia, navyo vinafaa sana kwa kuanikia taulo. Kamba ya kuita msaada tumeifunga juu, karibu na dari, isije ikavutwa ovyo na mtu aliyeanguka.

Mtanitajia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Naufahamu vizuri. Nimesoma jalada lake.

Naam, mama, uliza. Anasema amepima mlango mkuu. Ubawa mmoja, ule unaofunguliwa kila siku, sentimita 58. Kiti chake, 64. Mbawa zote mbili wazi, zaidi ya mita. Anauliza kwa nini ubawa wa pili haufunguliwi, na kwa nini yeye ameingizwa kwa mlango wa jikoni pamoja na kapu la pweza.

Nimetafakari kwa kina. Kitaalamu kabisa: komeo la ubawa wa pili lina kutu, na hakuna aliyewahi kuligusa.

Maswali yamekwisha. Mama huyo anaondoka sasa hivi, na pweza hawamo tena katika mipango yake. Mwenye mafuta ya nazi na nyundo atangulie mlangoni, tafadhali.