Diski Namba 3 Haipo

Louisville, Jumamosi
Leo ni Thunder Over Louisville: fataki juu ya mto Ohio, wiki mbili kabla ya mbio za farasi za Derby. Mama hapendi milio ya namna hii tangu Uvira. Amekaa bafuni na redio mpaka milio ikaisha. Watoto wamerudi na video za fataki, wakaanza kuzipakia kwenye sanduku la diski lililoko kabatini chini ya ngazi. Muda si mrefu simu yangu ikalia: diski namba 3 haipo.

Sanduku lina diski nne. Ndani yake mna harusi za ukoo mzima, kwaya, misiba, na picha za Nyarugusu tulizoziskani kabla ukungu haujazimaliza. Ikitoweka diski moja, mambo yanaendelea. Zikitoweka mbili kwa mpigo, hakuna mtu katika ukoo huu aliyewahi kuoa.

Jumapili
Nimezima, nimewasha. Namba 3 ipo na haina maelezo. Mama anasema ni fataki zimeishtua. Ripoti ya afya yake: sekta mbovu sifuri, joto nyuzi 38. Inajengwa upya kutoka kwa wenzake watatu. Tukienda ibadani ilikuwa asilimia 11, tukirudi 34. Ibada yetu si fupi.

Jumatatu
Mama ameomba kutazama harusi ya Columbus. Namba 3 ipo. Namba 2 haipo.

Nimempigia shemeji, huko huko Columbus. "Shemeji, hizo zimezeeka," amesema kabla sijamaliza kumsalimia. Yeye hununua diski za nje za USB wakati wa punguzo, anapasua kasha na kutoa ya ndani, kwa sababu diski ile ile ikiuzwa peke yake huwa ghali zaidi. Anayo moja. Nikaichukue.

Jumanne
Nakala ya pili iko Buffalo kwa mjomba, ndiyo iliyonipa usingizi jana. Leo haionekani.

"Shikamoo, mjomba."
"Marahaba. Kile kidude? Nilikichomoa nichomeke hita."
"Lini?"
"Krismasi."

Umeme wa maporomoko ya Niagara ulifika Buffalo Novemba 1896. Kwa kidude changu uliishia Krismasi.

Ijumaa, Columbus
Nimeshika I-71, mwendo wa saa tatu na ushee. Ugali, sombe, na hotuba ya shemeji kuhusu watu wanaonunua vitu bei ya dukani. Ameichomeka diski kwenye kompyuta yake, ikazunguka mbele ya macho yangu. Nimeondoka nayo ndani ya soksi.

Louisville, Jumamosi
Diski ya shemeji nimeiweka nafasi ya namba 2. Haionekani. Haizunguki hata, nimeigusa, imetulia.

"Ziba pini ya tatu," amesema shemeji, kwa sauti ya mtu aliyekuwa anasubiri simu hiyo. Sehemu ya umeme ya diski ina pini 15. Kiwango cha SATA 3.3 cha mwaka 2016 kiliipa ya tatu kazi ya kuizima diski kwa amri. Sanduku la kale halina habari hizo: linapeleka volti 3.3 pale pale kama zamani, na diski inatii. Nimekata kipande cha utepe wa kaptoni, ule wa njano usioogopa joto, upana wa milimita moja hivi, nikakibandika kwa kibano cha nyusi. Diski imezunguka. Mwenye kibano anauliza kiko wapi.

Jumanne
Ujenzi uliisha juzi. Saa tisa usiku wa kuamkia leo sanduku limeamka lenyewe kujikagua, kama lilivyopangiwa. Namba 1 haipo.

Kwanza 3, kisha 2, sasa 1. Diski haziugui kwa zamu. Zinachotumia pamoja ni adapta ya umeme, iliyobanwa nyuma ya kabati, moto wa kuunguza kidole. Lebo inasema volti 12, ampea 8.33. Diski kubwa ikianza kuzunguka huvuta karibu ampea 2. Ikishakolea hushuka chini ya moja. Zikiwa kazini, adapta iliyochoka inazimudu. Zikilala kisha zikaamshwa zote nne pamoja, inalegea, na mojawapo inaangukia njiani.

Nimeweka mita. Zikiwa zimelala: volti 12.1. Nimemwambia Mama abonyeze harusi. Volti 10.6. Mama anasema harusi haifunguki.

Ijumaa
Adapta mpya imefika. Zikiamka, volti 11.9. Zote nne zipo. Mama ameitazama harusi mwanzo hadi mwisho. Mpiga video alimfuata mpishi kuliko bibi harusi. Mjomba anasema ni maombi, na hita bado imechomekwa pale pale. Shemeji anasema ni diski yake. Ametuma bili, bei ya dukani.