Tone la Dizeli, Sufuria ya Maharage

Aliyegundua kwamba lori linavuja si mimi wala utingo wangu, ni Mama Mwajuma. Aliinua shuka, akanusa, akauliza kwa upole ambao mtu aliyeoa miaka 18 iliyopita anajua maana yake: "Baba Mwajuma, siku hizi unaoga dizeli?"

Nikabisha. Asubuhi nikatoka uani, nikakuta kuku wawili wamesimama kando ya dimbwi jeusi chini ya gari, wanalitazama kama mahakimu. Lori lenyewe ni la tani tatu, limemzidi utingo kwa umri, na limebeba machungwa ya Muheza miaka mingi bila kulalamika. Ingekuwa petroli, ingekauka upesi na mimi ningejifanya sikuona. Dizeli haina haraka. Inakaa, inatambaa, inaokota vumbi njia nzima, mpaka injini inafanana na mtoto aliyesinzia juu ya sahani ya ugali na mchuzi.

Kijiweni kila mtu akawa fundi. Muuza kahawa akasema tangi. Utingo akakimbia kununua sabuni ya mche akalikandika, dawa ya madereva wa zamani, na ni dawa kweli kwa sababu sabuni haiyeyuki kwenye dizeli. Ila tangi halikuwa limetoboka. Sasa nikawa na lori linalovuja na kunukia kama foronya.

Fundi wa kwanza aligusa palipolowa, akanusa, akaonja (naapa alionja), akatamka: "Pampu, mzee." Ni kweli pampu ililowa. Hata gia boksi ililowa, na ekseli pia. Nikanunua sili. Akafungua, akafunga, akapiga pampu ya mkono mpaka jasho likamtoka ili kutoa upepo, injini ikakohoa, ikawaka. Jioni kuku wakarudi mahakamani.

Ndipo nikakaa juu ya dumu nikafikiri, kazi ambayo ningeifanya kabla ya kununua sili ingekuwa rahisi zaidi. Tone hutembea. Linatoka juu, linafuata paipu, feni inalipuliza kwa nyuma, linakwenda kudondoka pasipo na kosa lolote. Halafu, kutoka tangini hadi kwenye pampu ndogo dizeli inavutwa. Injini ikinguruma, ufa wa huko haumwagi kitu, unanyonya upepo, na asubuhi gari linagoma kuwaka. Langu linawaka kama kiberiti. Basi kidonda kiko mbele ya pampu, kule dizeli inakosukumwa. Nilijiona daktari bingwa.

Tukaosha injini, tukaikausha kwa matambara, nikainyunyizia poda ya mtoto kuanzia juu mpaka ikawa kama bibi harusi. Tukawasha. Utingo akanyoosha kidole akague paipu za nozeli. Nilimzaba kofi la mkono! Mle dizeli inakwenda kwa nguvu inayozidi mara 50 ile ya upepo wa tairi la gari dogo. Ikipata ufa, unyuzi wake unapenya ngozi, na kidole kinaweza kukatwa hospitali kwa kitundu ambacho hakikutoa hata damu. Tukapitisha kipande cha boksi badala ya kidole. Kikatoka kikavu.

Kisha poda ikasema. Juu ya filta, kwenye boliti inayoshika paipu, ulitokea mchirizi mwembamba, ukasita, ukashuka taratibu kama chozi la mtu asiyetaka aonekane analia. Washa mbili za shaba, kila moja sawa na kifungo cha shati. Kila filta ilipobadilishwa zilirudishwa zile zile, na shaba ikishabanwa sana inakuwa ngumu, haikubali tena kukaa vizuri.

Ilikuwa Jumapili, maduka ya spea yamefungwa. Dereva mmoja mstaafu alinielekeza: zichome kwenye makaa mpaka ziwe nyekundu, zitumbukize majini, zitalainika. Makaa yalikuwepo. Juu yake Mama Mwajuma alikuwa amebandika maharage. Nikasubiri aingie ndani, nikainua sufuria kidogo, nikazipenyeza. Sikukumbuka kuzifuta. Dizeli ya miaka ikafuka moshi mweusi, mzito, nao ukapanda moja kwa moja kwenye sufuria isiyo na kifuniko.

Washa zililainika. Lori halijadondosha tone tangu siku hiyo. Maharage tuliyala kimya, utingo peke yake akaomba aongezewe. Jiko lile sasa ni mali ya lori, linasafiri chini ya kiti pamoja na spana. Mama Mwajuma anapikia gesi, na mlango wa jikoni ameuwekea kufuli.