Saa Moja Tu

Jumamosi iliyopita nilikalishwa kwenye dawati la darasa la pili, magoti yakinigusa kidevu, nikaambiwa mwanangu anatazama mno skrini. Si wangu peke yake, ni wa wazazi wote, lakini mwalimu alikuwa akinikazia macho mimi. Akatusomea kwamba Shirika la Afya Duniani tangu 2019 linasema mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asitazame kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Uswidi nao, mwaka 2024, wakasema wa miaka 6 hadi 12 ni saa moja, ikizidi sana mbili. Wazazi tukaitikia kwa vichwa, macho yako chini ya dawati, kila mtu na simu yake mapajani.

"Maelezo zaidi," akamalizia mwalimu, "nitayatupia kwenye grupu."

Hilo grupu ndilo linalonimaliza. Kazi za nyumbani zinakuja humo: picha ya ukurasa iliyopigwa upandeupande, halafu video ya wimbo wa herufi, mtoto aitazame mara tatu, mzazi amrekodi akiimba, airushe. Bando la wiki linakata Jumatano. Nikitaka kumnyang'anya simu ananijibu kwa adabu kabisa, "Baba, ni kazi ya mwalimu hii." Robo saa baadaye kazi ya mwalimu imeshageuka katuni ya nguruwe anayeruka madimbwi.

Na usiniambie watoke nje wakacheze. Nje wapi? Hapa kwetu Tabata kiwanja cha mwisho nilichokijua kimeota fremu sita: moja ya miamala, tano za kava za simu.

Wala sijifanyi nililelewa na vitabu. Sisi wa Bara televisheni imetukuta 1994. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Hatukuwa watoto wema, tulikosa tu cha kutazama. Tulipokipata tulijazana kwenye kibanda umiza, shilingi hamsini, benchi halina mgongo, Wachina wanapigana na mtafsiri anawatukana kwa Kiswahili cha Manzese. Mama yangu alikuwa na mwongozo wake kuhusu skrini. Alikuwa akiingia nao kibandani ukiwa mkononi, umetoka moja kwa moja kwenye ugali, na rufaa haukuwa nayo.

Basi nikarudi nyumbani na sheria. Tatizo ni kwamba nyumbani yupo mama mkwe. Alikuja kutoka Moshi kutibiwa goti, wiki tatu tu. Huu mwezi wa tano, goti limepona zamani, na mapajani pake imelala rimoti, bado ina nailoni yake ya dukani. Anafuatilia tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, na wahusika wake anawataja kama ndugu. Juzi aliniambia kwa huzuni, "Mwanangu, yule binti wamemzika." Nikauliza rambirambi tunapeleka wapi.

Sasa mkwe unamwambiaje mama mkwe azime TV? Mimi hata sofa moja naye sikai. Nikazungukia kwa watoto, nikatangaza kwa sauti ya kufika sofani: "Kuanzia leo, TV ni saa moja tu!"

"Umesema vyema, mwanangu," akadakia mama. "Saa moja ndiyo inaanza."

"Samahani mama, nina maana saa moja ya dakika sitini."

"Kuanzia saa moja?"

"Kuanzia yoyote, mama. Saa moja kwa siku."

"Kwa siku saa moja ziko mbili. Ya asubuhi ni marudio."

Watoto wakashangilia. Mke wangu akakimbilia jikoni, nikamsikia akichekea ndani ya sufuria.

Hapo ndipo shetani akanipitia. Jumatatu nikaona LUKU imebaki uniti mbili, nikanyamaza. Saa moja na dakika kumi jioni, pap, giza, pale pale mchumba alipokuwa anafungua barua. Nikajikohoza. "Aa, mtandao unasumbua, sijui nitanunuaje umeme." Moyoni nilishaanza kuwaona watoto wakicheza mdako kwa kibatari na bibi yao akiwatolea hadithi za sungura na fisi.

"Mwanangu," sauti ikatoka gizani, "si nasikia siku hizi wanairusha hadi kwenye simu?"

"Mtandao, mama…"

"Upo, baba," akasema huyu wa darasa la pili, mtoto niliyemlipia ada mwenyewe. "Grupu la shule limelia sasa hivi."

Kweli lilikuwa limelia. Mwalimu alikuwa akitukumbusha habari ya skrini, ameambatisha video.

Nikaifungua tamthilia. Wao wakabanana kwenye sofa, mimi nikasimama nyuma yake, maana mkwe ni mkwe, nimenyoosha mkono juu ya vichwa vyao, nimekuwa stendi, bando langu linayeyuka huku naliona. Dakika ya ishirini bega likaanza kutetemeka.

"Tulia, mwanangu," akasema mama mkwe bila kugeuka. "Unamtikisa daktari, na yuko kwenye upasuaji."