Namna ya Kujenga Zahanati Isiyomkaanga Mgonjwa

Kabla ya yote, mchukueni mchora ramani mkamketishe nje ya zahanati yoyote isiyo na baraza huku Katavi, mwanzoni mwa Oktoba, kuanzia saa sita mchana. Mwavuli asipewe. Apewe mtoto wa kupakata, kama mama aliyekuja kliniki. Siku hizo jua hupita wima juu ya Mpanda. Ikikaribia saa saba kivuli cha mtu kinaishia miguuni pake, na mvua haiji mpaka Novemba. Akikaa hapo hadi alasiri atakuwa amejifunza ujenzi kuliko kwenye semina yoyote.

Akiinuka, mwulizeni kaskazini ni wapi. Mpanda iko nyuzi sita na ushei kusini mwa Ikweta. Juni jua la adhuhuri huinamia kaskazini, Desemba huinamia kusini, na nyakati zote mbili linabaki juu sana. Kwa hiyo kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, na baraza ya mita moja na nusu hivi itazikinga adhuhuri mwaka mzima. Jua la mashariki na la magharibi ndilo gumu, maana huja chini chini na kupenya chini ya paa lolote. Upande wa magharibi wekeni ukuta mfupi usio na dirisha, nyuma yake vyoo au stoo ya mafagio. Stoo ya dawa isikae hapo kamwe, kwani dawa nyingi zimeandikwa zitunzwe chini ya nyuzi joto 30. Na kama ramani ni ile ile inayotumika nchi nzima, igeuzeni kiwanjani kabla ya kuchimba msingi. Kugeuza ramani hakuli hata mfuko mmoja wa saruji.

Bati lipakwe rangi nyeupe, dari iinuliwe, na nafasi iliyo kati yake na bati iachiwe matundu ya kutolea joto, yenye wavu wa chuma ili popo wasihamie. Mji wa Mpanda uliishi miaka mingi kwa umeme wa majenereta ya dizeli. Anayechora zahanati ya Katavi isiyokalika bila kiyoyozi hajawauliza wenyeji lolote. Umeme tuuwekee kazi ambazo kivuli hakiziwezi: taa ya chumba cha kujifungulia, hadubini ya maabara, friji la chanjo linalotakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8. Kuna mafriji ya sola yasiyotumia betri kabisa. Mchana yanagandisha barafu, usiku barafu inatunza ubaridi. Hayo ndiyo ya kununua.

Madirisha yatazamane, tena yawe makubwa, kwa sababu kifua kikuu kinapenda chumba kilichofungwa. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2007 kutoka hospitali za Lima, Peru, walikuta majengo ya kizamani yenye dari ndefu na madirisha mapana yanapitisha hewa vizuri kuliko yale ya kisasa. Hospitali ya Butaro huko Rwanda, iliyofunguliwa 2011, iliweka njia za kupitia na za kusubiria nje kwa sababu hiyo hiyo. Mwenye kikohozi asubiri barazani. Nyavu za mbu zifungwe kwa namna ya kuzitoa na kuzifua, la sivyo vumbi la kiangazi litaziba upepo wote.

Sasa dirisha la dawa. Tafadhali lisiwe tundu la kiunoni linalomlazimisha bibi wa miaka sabini kuinama na kutaja ugonjwa wake kwa sauti mbele ya foleni nzima. Liinueni, wekeni kiti, foleni irudi nyuma hatua kadhaa. Mlango wa huduma za VVU usipewe upande wake peke yake ambao kijiji kizima kinaujua. Na mjamzito anayetoka mbali, tuseme ndani ndani huko Mishamo au Karema kando ya ziwa, masika yakishaharibu barabara, anahitaji nyumba ya kusubiria uchungu, yenye jiko la pembeni ambako ndugu yake atampikia uji. Nyumba hii huwa ya kwanza kufutwa pesa zikipungua. Ifuteni ya mwisho.

Kuhusu tofali: zile za kuchoma zinakula kuni za miombo ile ile inayowapa wafugaji nyuki wa Inyonga asali. Tofali za kufungamana, za udongo na saruji kidogo, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Ujenzi umezihimiza kwa miaka mingi, hukauka bila moto. Na mwembe uliopo kiwanjani usikatwe.

Tangu mpango wa afya ya msingi wa 2007, lengo ni zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, kwa hiyo majengo bado yanakuja. Wajumbe wa kamati za ujenzi wa Nsimbo, Mlele, Mpimbwe, Tanganyika na Manispaa ya Mpanda, mhandisi akileta ramani msisaini kitu mpaka awaonyeshe kwa kidole jua la saa kumi litaingilia wapi.